Ngazi ya Nne Ikikauka

Jumatano, tarehe 2, mwezi wa nne

Haya, andika. Umeandika? Andika leo mvua imeanza alfajiri, mimi nimeamka mzima, nimekunywa chai, mgongo unauma upande mmoja tu. Na tarehe weka. Daktari alisema tarehe isikosekane.

Binti yangu, najua mvua zikiisha wewe ndiye utakayesoma daftari hili, wewe na huyo daktari wako mwenye miwani mizito, kwa hiyo nianze na wewe. Ulimwambia daktari kwamba mama yako anasahau. Ulimwambia nimeunguza sufuria mbili, na kwamba nilimwita mumeo kwa jina la yule mchumba wako wa kwanza. Sufuria, sawa. Lakini lile la jina sikusahau, mwanangu. Lile nilikusudia.

Basi makubaliano ni haya, nayasema yaandikwe. Kila siku niseme yaliyotokea, mpaka mvua ziishe. Halafu daktari asome, aone kama kichwa kinavuja. Kikiwa kinavuja, unanihamishia kwako, ghorofa ya tatu, nikatazame mto kwenye kalenda. Kikiwa hakivuji, nabaki kwenye nyumba yangu. Nyumba hii iko hatua thelathini na mbili kutoka mtoni. Nimezihesabu leo na Karani alikuwa shahidi.

Karani ni huyu anayeandika, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma. Mimi kuandika sijui. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na mimi ndiye niliyekuwa nawavusha wenzangu kwenda. Yeye amestaafu mahakamani mwaka jana, miaka thelathini na mmoja anaandika maneno ya wezi. Nimemwambia tutengeneze kidogo, tupunguze pale, tuongeze hapa. Akaniambia, "Mama, mimi naandika linalosemwa. Siongezi, sifuti."

Vizuri. Andika basi kwamba unakoroma.

Ameandika. Nimeona mkono umetembea.

Alhamisi, tarehe 3

Mvua. Nimekula, nimelala. Karani anakoroma.

Jumapili, tarehe 6

Leo limeletwa dude. Watu wa mahakamani walichanga wakamnunulia Karani zawadi ya kustaafu, imechelewa mwaka mzima, imekuja juu ya gari la mzigo imefungwa kama mgonjwa. Linaitwa kayaki. Ni mtumbwi wa plastiki, rangi ya karoti, urefu kama wanaume wawili wamelala. Hukai kama watu wanavyokaa mtumbwini. Unakaa umenyoosha miguu mbele kama mzazi aliyejifungua jana. Kasia ni moja lakini lina vichwa viwili, huku na huku, kama ambalo halijaamua linakwenda wapi. Kuna tundu la kusimamishia fimbo ya kuvulia, na kuna mahali pa kuweka kikombe.

Mahali pa kikombe! Mimi nimevusha watu kwenye mto huu miaka ishirini na sita kabla ya daraja. Nimevusha maharusi, nimevusha maiti, nimevusha ng'ombe akazaa katikati ya safari, tukashuka wengi kuliko tuliopanda. Kikombe nilikiweka wapi? Mapajani.

Nikamuuliza, "Unajua kuvua?"

"Nimesoma, Mama."

"Samaki nao wamesoma?"

(Msemaji amecheka sana. Imebidi nisubiri.)

Jumatatu, tarehe 7

Amebandika karatasi ukutani kwenye korido. Anasema ni jedwali la maji, saa ya kujaa na saa ya kupwa, limetoka ofisi ya bandari. Lina muhuri.

Sasa nieleze, maana daktari huenda kwao hakuna mto. Mto wetu hauendi upande mmoja. Bahari inaingia mara mbili kwa siku, inapanda mpaka hapa kwetu na kupita, halafu inatoka. Mbele ya nyumba kuna ngazi za mawe za kivuko cha zamani, ngazi kumi. Mimi nazihesabu kutoka chini. Maji yakitoka, ya kumi inakauka kwanza, ya tisa, ya nane, hivyo hivyo. Ikikauka ya nne, kipinda cha juu, pale mto unapokunja baada ya karakana ya Fundi seremala, hakina maji ya kuelea hata bata. Tope tupu. Hiyo ndiyo saa yangu, na haijawahi kuhitaji betri.

Nikamwambia, Karani, bandari iko mdomoni mwa mto. Maji yanatembea mpaka kufika huku, nayo yana njia ndefu. Karatasi yako ikisema yameanza kujaa, hapa bado yanatoka, saa nzima na nusu mbele. Akanitazama kwa heshima zote.

"Mama, lina muhuri."

Ijumaa, tarehe 11

Leo ameingia mtoni. Nilipeleka kiti changu kwenye ngazi, na Mama wa Duka akafunga duka akaja na cha kwake. Karani amevaa jaketi la kuokolea lenye filimbi, kofia, suruali ya mahakamani amekunja hadi magoti, shingo ya kobe imechomoza. Akakaa. Akapiga kasia. Dude likazunguka. Akapiga tena, likazunguka kwa upande mwingine, akatupungia mkono kama rais.

Mpaka hapo sawa. Halafu akataka kutia nanga. Na nanga akaifunga ubavuni, karibu na mkono wake, eti aifikie kwa urahisi! Kwenye maji yanayokimbia! Nikasimama, nikapiga kelele, "Puani! Ifunge puani!" Akashika pua yake. Kamba ikakaza, mto ukalivuta lile ganda kwa ubavu, na Karani akaenda chini na kofia ikabaki juu. Maji yalimfika kifuani tu, akatembea mpaka ngazini na jedwali la akiba mfukoni, limelowa.

Mama wa Duka alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka na mimi. Andika, Karani. Usikunje uso, andika.

Jumatano, tarehe 16

Amekamata hongwe. Yule samaki mwenye ndevu na miiba mitatu, asiye na huruma. Akamshika kama anavyoshika faili. Mkono umevimba, nimeuweka kwenye maji ya moto, kama nilivyofanyiwa mimi. Analia kimya kimya, mwanaume mzima, na huku anauliza atumie kalamu kwa mkono wa kushoto au tuahirishe. Nikasema tuahirishe. Haya ameyaandika kesho yake, lakini tarehe ni ya jana. Amenieleza kwa nini, sikuelewa, nikakubali.

Ijumaa, tarehe 18

Mvua kubwa. Paa linavuja kwenye korido. Limelowesha jedwali lakini muhuri haukupata kitu. Nasikitika.

Jumatatu, tarehe 21

Leo nina la kuungama. Nilianza kuwa na wasiwasi. Nikajiuliza, huyu mtu namtukana kila siku na yeye ndiye mwenye kalamu. Najuaje anachoandika? Huenda ameandika, "Leo bibi ameungua akili kabisa." Basi alipokwenda mtoni nikachukua daftari, nikalifunga kwenye khanga, nikaenda dukani.

"Nisomee," nikamwambia Mama wa Duka.

Akasoma mwanzo hadi mwisho, wateja wakajaa. Kila kitu kimo. Kukoroma kimo mara mbili. Suruali ya mahakamani imo. Kulia kwa ajili ya hongwe kumo, tena kwa ukamilifu kuliko nilivyosema. Mahali niliposema ana shingo ya kobe, nikadhani nilisema moyoni, pamo.

Mama wa Duka akafunga daftari polepole. "Mpangaji kama huyu," akasema, "mimi ningempunguzia kodi."

Sikumpunguzia kodi. Ila leo nimempa kipande cha kichwa cha samaki, na Karani hajui kwa nini. Sasa anajua. Funga mdomo, inzi wataingia.

Jumatatu, tarehe 28

Mkizi! Watatu! Mmoja urefu wa mkono wangu!

Nilimfundisha kwa siku nne, mimi kwenye kiti, yeye kwenye ganda, nimelifunga kwa kamba kwenye pete ya kivuko ili nisimpoteze. Kasia usilichote kama supu, kata maji na kiuno. Nanga puani. Usikae katikati ya mto, katikati ni barabara, samaki anapita tu, hana muda na wewe. Kaa pembeni kwenye mkunjo, pale maji yanaposimama kufikiri, ndipo anapokula. Na chambo ni kamba wabichi, wale wa kuliwa, siyo hivyo visamaki vya mpira vyenye macho.

Kumbe akifundishwa, anafundishika. Lile dude nalo, niseme ukweli, ni zuri. Halina sauti. Linapita juu ya samaki kama wingu. Boti yetu ilikuwa inalia kila nikivuta kasia, samaki walijua nakuja tangu jana. Nimemuuliza uzito wake likiwa tupu. Nimeuliza tu.

Nimemsimulia pia habari za kipinda cha juu. Boti yetu ya mwisho ilizama kule, mbavu zake bado zimo, na maji yakijaa ndani ya mbavu hukaa samaki chewa ambaye marehemu mume wangu alimkosa mara mbili. Huenda siye yeye, huenda ni mjukuu wake. Karani macho yakawa kama sahani. Nikamwambia, usiende peke yako mpaka nikuambie saa.

"Jedwali—"

"Mpaka nikuambie mimi."

Jumamosi, tarehe 3, mwezi wa tano

(Msemaji ameniomba nisiandike ya leo. Naandika kwamba ameniomba.)

Karani, nilikwambia weka kalamu chini!

Basi. Nimeunguza sufuria. Maharage. Niliyaweka jikoni, nikatoka kuangalia ngazi, nikakutana na Fundi anapita na mbao, tukaongea, nikarudi nyumba imejaa moshi na Karani anapunga mlango kama anafukuza nyuki. Sufuria imekufa. Ndiyo ya tatu.

Nilimwambia, baba, tumekaa pamoja, nimekufundisha kuvua, nimeushika mkono wako ukiwa umevimba kama andazi. Hili moja liache. Binti yangu akilisoma hili ananichukua. Unajua ananichukua.

Akasema, "Mama, nikifuta hili, na yale mengine yote hayatakuwa na maana."

Nikamwambia toka chumbani kwangu. Ametoka. Ametoka anaandika.

Jumatatu, tarehe 5

Sina la kusema.

Jumanne, tarehe 6

(Msemaji amekaa dakika kumi bila kusema. Kisha amesema mvua imepungua. Kisha amesema hakusema nami, alikuwa anasema na paka.)

Ijumaa, tarehe 9

Nimekula. Wengine wamekula walichojipikia.

Jumatatu, tarehe 12

Mwezi umeiva leo. Bamvua linakuja, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, yanayojaa kupita kiasi na kutoka kupita kiasi. Wenye majedwali watazame majedwali yao.

Jumatano, tarehe 14

Leo anayeandika ni wewe mwenyewe, binti yangu. Karani amelala kwenye blanketi mbili anatetemeka kama friji. Umekaa hapa mbele yangu na tope kwenye nywele na bado hujaoga kwa sababu nimekuambia kwanza tuandike, jua halijazama, ningali nayakumbuka yote. Usinitazame hivyo. Andika.

Ulikuja saa tano bila kusema unakuja. Ulikuwa na siku yako ya mapumziko ya kazi ya unesi hospitali, ukataka kunishtukiza. Kitu cha kwanza ulikwenda jikoni ukahesabu sufuria. Nilikusikia unahesabu.

Saa sita na robo nilikuwa nje kwenye kiti nachambua mchele. Karani akapita na kasia begani. Hatukuongea, ilikuwa siku ya kumi na moja. Akasema, "Shikamoo, Mama." Nikaitikia ndani ya mchele. Jedwali lake lilisema maji yameanza kujaa tangu saa sita kasorobo. Yeye akaona, sasa yanajaa, niende kule juu kwa chewa, yatanibeba kwenda na yatakuwa mengi nikirudi. Kwa bandarini alikuwa sawa kabisa.

Akakaa kwenye ganda, akasukuma, akapanda na mto. Anapiga kasia vizuri siku hizi, anakata na kiuno.

Nikarudi kwenye mchele. Hilo nitalirudia.

Saa saba kasoro dakika kumi nikasikia filimbi. Nikadhani muuza mikate. Ikalia tena, tena, haina mpangilio, muuza mikate ana mpangilio. Nikasimama na mchele ukamwagika wote. Nilikimbia. Andika nilikimbia, miaka sabini na nane. Wewe ukatoka jikoni na sufuria mkononi, ukanifuata unaniita, "Mama! Mama utaanguka!"

Pale kwenye karakana ya Fundi unaona kipinda chote. Maji hayapo. Tope linang'aa kama limepakwa mafuta, mbavu za boti yangu zimesimama, na katikati Karani, amezama mpaka juu ya mapaja. Ganda limekaa kavu, hatua mbili nyuma yake, kamba bado mkononi. Limekwama, akashuka alivute. Hilo ndilo kosa ambalo hakuna anayelifanya mara mbili. Kwenye tope lile ukisimama umekwisha.

Fundi alikuwa ameshatoka, na kidevu chake kina vumbi la mbao. Wewe ukawa na simu, unaita zimamoto. Wakakuambia dakika arobaini. Nikatazama jua, nikatazama mbavu za boti. Maji yalikuwa yanageuka ndani ya robo saa, na maji ya bamvua hayaingii kwa kubisha hodi. Na kule kipindani hayaji kutoka mbele, unakotazama. Yanakuja nyuma, kwenye kijito cha pembeni, yanakuzunguka. Mtu aliyezama mapajani, dakika ishirini baadaye yako shingoni.

Nikapiga kelele, "Karani! Usijivute! Lala chali!"

"Mama, naomba kujua saa!" akajibu.

"Ya nini?"

"Jedwali linasema maji yanajaa tangu—"

"Likuvute basi hilo jedwali! Lala chali nimesema, kama uko kitandani! Koroma!"

Akalala. Hapo nikamgeukia Fundi. "Milango."

Alikuwa na milango sita mipya ya nyumba ya wageni, imeegemezwa ukutani, haijapigwa rangi. Uso ukamshuka. "Mama Kivuko, hiyo ina oda."

"Leta yenye oda!"

Zamani boti ikituachia kwenye tope tulikuwa tunatandaza mbao, abiria wanatambaa kwa tumbo, hakuna kusimama, hata awe bwana mkubwa. Mlango ni bora, ni mpana. Lakini nani atambae? Fundi ni mtu wa kilo mia na kitu, mlango ungeenda naye. Mimi magoti hayana ruhusa. Nikakutazama wewe.

"Mama, mimi sijawahi kufanya kitu kama hiki," ukasema.

"Umefanya. Ulikuwa na miaka tisa. Gauni la njano. Tulikwama na yule mkaguzi wa shule, ukatambaa mbele yake na kuku wake kwapani, na kuku akakunyea."

Ukanitazama. Ukavua viatu. Ulikuwa umeshasukuma mlango wa pili mbele ya wa kwanza, umelala kwa tumbo, ndipo nikakusikia unasema, siyo kwangu, unajisemea tu, "Kuku mweupe." Ndiyo, mwanangu. Mweupe.

Ukafika. Nikawa napiga kelele, wewe unafanya. Usimvute mikono. Chimba kando ya goti kwa kiganja, tia maji, yako kwenye kopo la ganda lake. Atikise mguu mmoja taratibu, kama anayetaka kuvua soksi. Mmoja kwanza. Mguu ukatoka na sauti kubwa mpaka Fundi akasema astaghafiru. Wa pili ukagoma.

Na hapo nikayaona. Kijitoni nyuma yenu, maji yanaingia na povu jembamba mbele. Nikasema, "Binti yangu, yamefika. Usiogope. Sasa ndiyo yanasaidia." Kwa sababu tope likipata maji linalegea, ila ni dakika chache tu, halafu yanakuwa mengi. Nikasema mshike kwapani, shika kamba ya ganda kwa mkono mwingine, subiri linyanyuke. Ganda likatikisika. Likaelea. Nikasema, "Sasa!"

Karani akatoka kama jino. Viatu vimebaki, navyo vibaki. Mkalala wawili juu ya lile ganda la karoti, yeye tumbo huku, wewe tumbo kule, na bahari ikawaleta yenyewe mpaka miguuni pa Fundi. Milango miwili ilipita inaelea, mmoja tumeushika, wa pili umeshakwenda darajani.

Sasa lile nililosema nitalirudia.

Karani alipokuwa anafungua kamba aondoke, mimi nilitazama ngazi. Ya nne ilikuwa inakauka. Niliiona. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi, "Usiende." Nikalimeza, kwa sababu ya sufuria. Nikasema moyoni, si ana karatasi? Nilidhani atakwama tu, alowe, acheke. Sikufikiri atashuka.

Sikusahau, binti yangu. Andika hivyo hivyo. Nilijua, nikanyamaza.

Mbona kalamu imesimama? Andika.

Alhamisi, tarehe 15

Karani ameamka. Amechukua daftari, amesoma ya jana yote, mwandiko wa binti yangu anasema ni wa kitabibu. Alipofika pale mwisho akasoma mara mbili. Mimi nikatazama paka.

Akasema, "Mama."

Nikasema, "Nipige."

Akasema, "Uliniambia mwezi wa nne, tarehe saba. Iko hapa. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuamini nilichoandika." Halafu akaniambia miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu, na siyo kazi yake kujua nani anasema kweli. Hiyo ni ya hakimu.

Tumekula maharage. Kwenye sufuria ya kwake.

Jumamosi, tarehe 24

Nimetoka kwa daktari. Alisoma daftari mbele yetu saa nzima, anacheka peke yake, anafuta miwani. Wewe binti yangu ulikaa umekunja mikono. Karani alikuja na suti. Nikaulizwa leo siku gani, nikasema. Nikaulizwa maneno matano, nikayarudia, moja likanipotea, lilikuwa "mwavuli". Nikamwambia daktari, mwavuli sijawahi kuwa nao, ndiyo maana.

Akasema, kuna mambo yananitoka, asinidanganye, umri ni umri. Jiko nisiachwe nalo peke yangu. Lakini mtu wa kuhamishwa nyumbani kwake, hapana, bado. Akakugeukia wewe.

Wewe ukasema, "Chumba nilishakipaka rangi, Daktari."

Nikaanza kuhesabu kichwani ngazi za ghorofa ya tatu.

Ukasema, "Mama angesema amesahau kuhusu ile ngazi, nani angemlaumu? Angeonekana hana kosa. Hakusema." Ukapenga kamasi. Nesi mkuu mzima, unapenga kamasi kwenye cheti cha mgonjwa. "Atabaki. Ila jiko nanunua mimi, lile linalojizima. Na chumba kile nitalaza wageni."

Njiani ukaniambia nilikosea kitu kimoja kwenye daftari. Gauni halikuwa la njano, lilikuwa la kijani. Nikakuambia la kijani lilikuwa la dadako. Tukafika darajani. Ukasema, "Kweli."

Jumapili, tarehe mosi, mwezi wa sita

Mvua zimekwisha, daftari limebaki na karatasi moja, kwa hiyo sitasema sana.

Jana nimepanda lile ganda. Karani alilishika upande mmoja, Fundi upande mwingine, Mama wa Duka anaomba dua kwa sauti. Nikakaa nimenyoosha miguu. Nikalifunga kwa kamba kwenye pete, maana sina haraka ya kwenda mbali. Kikombe changu cha chai nikakiweka kwenye lile tundu. Kilikaa! Hakikumwagika hata tone. Nimemkamata mkizi mmoja mwembamba na nimemsema kwa wembamba wake, na nimekula mwenyewe.

Leo asubuhi nimekuta kwenye korido jedwali la muhuri halipo. Karani ameweka karatasi yake, amepiga mistari kwa rula. Siku saba. Na chini ya kila siku hakuandika. Amechora. Ngazi kumi, ndogo ndogo, na wimbi la wino wa buluu kuonyesha maji yatashukia wapi. Akaniambia, "Hii ya kwako, Mama. Nimehesabu kama ulivyonifundisha."

Nikasimama pale nikaisoma. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Kidole kinakwenda, na mimi naelewa kila kilichomo. Miaka sabini na nane, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza nimeisoma mwenyewe, hakuna mtu wa kunisomea.

Na nimekuta kosa. Alhamisi amechora ngazi ya nne imekauka. Alhamisi ni maji mafu, hayatoki mpaka huko, ya nne italowa siku nzima na mtu anaweza kwenda kwa chewa na kurudi. Nikamwita.

"Karani! Hapa umekosea. Futa."

Akaweka miwani. Akatazama Alhamisi, akatoka nje, nikamwona anateremka ngazini, amesimama anahesabu kutoka chini. Akarudi, akaingia chumbani kwake, akatoka na kifutio.

Amefuta.